Jina la Mwenye Upanga

Kabanga, Kasulu
3 Desemba 2024

Kwa Babu Stanislaus,

Mwakeye Babu, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi penye jua, maana nasikia mvua za Kibondo mwaka huu hazina huruma. Sisi huku tu wazima, isipokuwa macho ya Bibi, na hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Hunijui. Naitwa Niyonkuru, nyumbani wananiita Niyo. Baba yangu ni Bazilio, kitinda mimba wa dada yako Winifrida. Yeye yuko Uvinza kwenye kazi ya chumvi. Mimi nimemaliza kidato cha nne mwezi uliopita, na sasa nakaa na Bibi, nampikia na kumshika mkono akienda kanisani. Habari zako nimezipata kwa Tamimu, kondakta wa basi la Kibondo. Alisema masikio yako hayasikii tena simu, kwa hiyo anayekutafuta huandika na kumwachia Mama Mwajabu mwenye duka pale stendi. Niliposikia hivyo nilifurahi. Samahani Babu, sikufurahia masikio yako. Ni kwamba nikisema na mtu nisiyemjua mate hunikauka, lakini kuandika naweza.

Bibi ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anasema dunia imekuwa kama bonde asubuhi ya Juni, ukungu haunyanyuki. Ananitambua kwa hatua zangu. Madaktari wa macho watakuja hospitali yetu tarehe 25 Februari, na wamesema akipasuliwa ataona. Amekataa. Anasema mtoto wa Ndayikunda hawezi kulala chini ya kisu akaamka.

Sababu ni upanga, Babu. Bado uko darini juu ya jiko, umefungwa kwenye kitenge. Bibi amenisimulia mara moja tu, tena kwa sauti ya chini. Alisema baba yenu Ndayikunda alipokuwa askari wa Mwingereza kule Uhabeshi, alimuua Mhabeshi mmoja, mkuu wa askari waliokuwa upande wa Waitaliano, akauchukua upanga wake, na damu iliyougandia haijatoka mpaka leo. Mama yenu aliacha neno kwamba upanga unaodai damu hautupwi, maana ukiutupa hurudi kumtafuta mtoto. Wala hautumiki. Unakaa tu, unasubiri.

Nimefikiri hivi. Padre husoma majina ya marehemu kwenye misa, lakini lazima apewe jina. Kwenye upanga kuna maandishi. Bibi aliwahi kusema kwamba ulifanya kazi miaka mingi katika nyumba ya makumbusho Dar es Salaam, ukitunza panga kama huu. Nisaidie nisome jina la mwenyewe. Tukimwombea kwa jina lake, labda atamwachilia Bibi, na Bibi atakubali kwenda.

Najua hamjasemezana tangu msiba wa baba yenu mwaka 1981. Bibi hajui kama nimeandika.

Mjukuu wako,
Niyo


Kibondo
11 Desemba 2024

Mjukuu wangu Niyo,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Mimi mzima, magoti ndiyo yamestaafu kabla yangu. Barua yako Mama Mwajabu aliileta mbio akidhani ni wito wa mahakama, kwa kuwa hajaona mtu akiniandikia tangu afungue duka. Akanipigia kelele sikioni mpaka kuku wakatoka uani: "Mzee, umeoa Kasulu?" Nikamwambia bado tunapatana mahari.

Bazilio nilimwacha anatambaa. Leo ana binti anayeandika mwandiko ulionyooka kuliko wangu. Na huyo bibi yako, bado anapika maharage bila chumvi halafu anasema wanaolalamika hawana shukrani? Usimwambie nimeuliza.

Sasa tufanye kazi. Panga za Uhabeshi utakazozisikia zaidi ni mbili. Gurade imepinda kidogo tu, na mara nyingi chuma chake kilitoka Ulaya, wao wakakitia mpini wa pembe. Ndiyo huandikwa maneno, jina la mfalme au la mwenyewe. Shoteli imepinda kama mundu. Ilifanywa hivyo ili ncha izunguke ukingo wa ngao na kumfikia mtu aliyejificha nyuma yake. Wahabeshi huvaa upanga ubavu wa kulia, si wa kushoto. Wetu ni shoteli. Nilipokuwa mdogo niliwaambia wenzangu kwamba baba ameleta mwezi kutoka vitani.

Chukua karatasi isiyo na mistari, ilaze juu ya chuma, usugue kwa ubavu wa penseli, polepole, kama unayembembeleza mtoto. Herufi zitajitokeza zenyewe. Picha ya simu hudanganya, mwanga hula nusu ya maandishi. Pima urefu kwa uzi kufuata mpindo, unitumie uzi. Angalia mpini ni mti au pembe. Angalia makali yote mawili, la ndani na la nje, maana shoteli ya vita hunolewa kuwili.

Na usiuoshe. Usiupake majivu wala ndimu. Moshi wa jiko umeutunza miaka yote hiyo. Watu wengi huua upanga kwa kuusafisha.

Ala yake ninayo mimi, ya ngozi nyekundu. Hilo bibi yako analijua vizuri.

Babu yako,
Stanislaus


Kabanga
20 Desemba 2024

Babu,

Shikamoo. Natumaini magoti yameamka salama. Huku mvua inanyesha mchana na kuacha saa kumi, kama mfanyakazi wa ofisini. Bibi anakula vizuri. Maharage bado hayana chumvi.

Nilisubiri Jumatano, Bibi alipochukuliwa na akina mama kwenda jumuiya, nikapanda kwenye kinu nikaushusha. Nilidhani utakuwa mzito. Ulikuwa mwepesi, Babu, mwepesi mpaka nikaona haya, kama mtu aliyemwinua mgonjwa akakuta amekwisha. Nilipofungua kitenge masizi yaliruka yakaelea penye mwanga wa dirisha, na kwa muda sikuona kitu ila huo mpindo mweusi ndani ya vumbi. Nikauamini mwezi wako.

Nimesugua kama ulivyosema. Mwanzoni karatasi ilibaki ya kijivu. Halafu zikaanza kutoka, moja hapa, moja pale, kama uyoga baada ya ngurumo. Herufi zenyewe zinafanana na watu wadogo, mwingine ameshika kiuno, mwingine amebeba kitu kichwani. Niliwaza kwamba mmoja wao ndiye yeye. Karatasi nimeikunja mara mbili tu isivunjike, na uzi umo ndani yake.

Mpini ni mti, una pete ya shaba pande zote mbili. Kali la ndani lina mapengo madogo mengi. La nje sikulipapasa, niliogopa kujikata. Doa liko upande wa ndani, pale chuma kinapoanza kujikunja. Ni jeusi, lina wekundu kwa mbali, kubwa kama kiganja cha mtoto. Sikuligusa. Nilimwomba msamaha kimoyomoyo, halafu nikaurudisha darini kama ulivyokuwa.

Bibi aliporudi alisimama mlangoni, akanusa. Akauliza, "Nani amepita humu?" Nikasema ni mimi nilikuwa nafagia. Usiku alilala na rozari mkononi.

Nasubiri jina, Babu.

Mjukuu wako,
Niyo


Kibondo
6 Januari 2025

Mjukuu wangu,

Marahaba. Heri ya mwaka. Mimi sijambo.

Karatasi nimeipata, umeisugua vizuri kuliko vijana waliosomea kazi hiyo. Nimeiangalia siku nyingi. Jina ni Tesema. Mkuu wa askari, kama baba alivyosema. Mpelekeeni padre.

Siku hizi mkono unanitetemeka, kwa hiyo naishia hapa.

Babu yako,
Stanislaus


Kabanga
22 Januari 2025

Babu mpendwa,

Shikamoo. Mkono unaendeleaje? Mama Mwajabu akupashie maji ya moto uuloweke. Huku mahindi yameanza kubeba, na matokeo yetu ya mtihani yanasubiriwa siku yoyote. Naogopa, lakini leo siandiki kwa ajili hiyo.

Nilimwambia Bibi kwamba mtu wa makumbusho amesoma jina. Hakuuliza mtu gani. Alisema "Tesema" mara tatu, kama anayeonja mboga. Jumapili iliyopita padre alilisoma kati ya majina yetu ya Kiha na ya Kirundi, na watu wakageuka kutazama ni nani amefiwa na mtu wa mbali hivyo. Bibi alisimama wima. Nikajua tumemaliza.

Hatukumaliza. Zamani Tesema alikuwa doa tu darini. Sasa ana jina, kwa hiyo ana miguu. Bibi anasema humwona alfajiri, amesimama kati ya migomba amevaa shuka jeupe, na katika ukungu wa macho yake ni yeye peke yake anayeonekana wazi. Mimi hanioni, Babu, lakini vifundo vya shuka la Tesema anaviona. Anamwekea kikombe cha maji kizingitini. Jana alimwambia, "Mwenzangu, umetoka mbali, kaa." Halafu akanigeukia akasema, "Anasubiri nilale chini ya kisu. Ni mpole, lakini anasubiri."

Nilimkumbusha kuhusu tarehe 25 Februari. Akasema, "Mjukuu wangu, sasa ndiyo siendi kabisa. Zamani nilikuwa simjui."

Mimi ndiye niliyemleta, Babu. Nilitaka aende akapumzike, nami nimemfungulia mlango. Je, kwenye vitabu vya makumbusho kulikuwa na habari zaidi za Tesema? Alikuwa na watoto? Tunaweza kufanya nini ili aridhike?

Mjukuu wako,
Niyo


Kabanga
5 Februari 2025

Babu,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, nami naomba isiwe homa. Matokeo yametoka, nimepata daraja la tatu. Baba amesema tutaongea akija. Bibi hajambo, kasoro lile jambo.

Nimeona kitu, na naona aibu kukiandika. Naomba usome mpaka mwisho kabla ya kunikasirikia.

Jumamosi nilikuwa napogoa migomba nyuma ya nyumba. Unaufahamu umuhoro wetu, mundu wa kupogolea, ile ncha yake iliyojikunja ya kuvutia majani makavu ya juu. Utomvu ulinidondokea kwenye sketi ya shule, ile niliyotaka kumpa mtoto wa jirani, nikajua basi, imeharibika, maana utomvu wa mgomba hautoki nguoni hata ufue na nini. Nilipokaa kufuta umuhoro nikaona doa lake. Liko ndani ya mpindo, pale unapouma shina. Jeusi, lenye wekundu kwa mbali.

Nilikaa nao magotini muda mrefu. Ndege walikuwa wanaimba, na mimi nilijiona kama niko ndani ya maji, kila kitu kinakwenda taratibu. Halafu nikaenda nikashusha upanga, nikauweka kando ya umuhoro juani. Madoa ni ndugu, Babu. Mahali palepale, rangi ileile.

Ndipo nikapapasa kali la nje, lile nililoliogopa. Halikati. Ni nene kama rula ya shule, halijawahi kuona jiwe la kunolea. Wewe uliandika kwamba shoteli ya vita hunolewa kuwili. Kali la ndani limenolewa, lakini limenolewa kama tunavyonoa sisi, kwa mawe ya mtoni, ile mikwaruzo ya kulala upande mmoja.

Tena niliichukua karatasi ya pili ya penseli, niliyoisugua siku ile nikabaki nayo. Nimesuka mikeka na Bibi tangu nina miaka saba, najua mchoro unaporudi. Wale watu wadogo ni watatu tu. Wanajirudia, mmoja, wa pili, wa tatu, halafu tena, kutoka mpini hadi ncha, mara kumi na moja. Maneno hayaendi hivyo. Maua ndiyo huenda hivyo.

Sijui kusoma Kihabeshi, na wewe unajua. Kwa hiyo nauliza kwa adabu. Babu, Tesema ni nani?

Mjukuu wako,
Niyo


Kabanga
14 Februari 2025

Babu,

Shikamoo. Tamimu anaapa barua zangu zote zimefika. Anasema Mama Mwajabu anakuona umekaa nazo mlangoni na chai inapoa.

Zimebaki siku kumi na moja. Leo asubuhi Bibi aliungua mkono kwa sababu hakuona moto.

Sijakukasirikia. Naomba uandike, hata mstari mmoja.

Niyo


Kibondo
17 Februari 2025

Niyo mjukuu wangu,

Salamu hazinitoki leo, nisamehe. Mpake bibi yako asali pale alipoungua.

Tesema hayupo. Lilikuwa jina la mtu kwenye kibandiko cha upanga mwingine, gurade, niliyoifuta vumbi miaka tisa kule Dar es Salaam. Maandishi ya upanga wetu si maandishi. Ni mapambo ya fundi aliyejua kwamba mnunuzi hawezi kusoma. Shoteli za namna hiyo zilitengenezwa nyingi wakati ule, za kuwauzia askari wa kigeni waliotaka kurudi na kitu. Hazikunolewa kwa sababu hazikwenda popote ila ukutani. Yote uliyoyaona ni kweli, na umeyaona peke yako kwa penseli na sketi. Mimi nilihitaji nyumba nzima ya makumbusho.

Nilijua tangu mwaka 1979. Nilikuja likizo, nikaushusha upanga ili nijivune nao, kwa kuwa sasa nilikuwa mtaalamu, na nilipoupapasa upande wa nje nikakuta haujawahi kunolewa. Baba alikuwa anakoka moto. Nikamwambia, "Baba, huu haukuwa wa mtu." Hakugeuka. Alikaa hivyo mpaka moto ukashika, ndipo akasema, "Blanketi. Nilitoa blanketi la jeshi. Nikalala na baridi ya milima ile miezi mitatu, kwa ajili ya kile."

Baba yetu hakuua mtu, Niyo. Alikuwa anaswaga nyumbu wa kubebea mizigo. Alipandisha maji milimani kwa wenzake waliopigana, akashuka, akapanda tena. Aliporudi hakusema neno juu ya upanga, aliutundika tu. Mama akaona ni umuhoro wa kigeni. Akausifu kwa majirani kwamba unafika juu bila ngazi. Alinoa upande anaoujua, akapogoa nao msimu mzima. Siku moja baba akaja na watu wawili waliokuwa naye jeshini, wakamkuta mama migombani na shoteli mkononi, ametapakaa utomvu. Wale watu walicheka mpaka wakakaa chini. Walipoondoka, baba kwa aibu yake akamwambia mama, "Unajua huo umetoka mkononi mwa nani? Unajua damu gani iko hapo?" Mama akauachia palepale. Alikuwa na mimba, na mimba hiyo ni bibi yako.

Baba alidhani ni maneno ya jioni moja. Lakini mama aliogopa kweli, na kadiri alivyoogopa, ndivyo baba alivyozidi kuwa mtu mkubwa kijijini. Angeurudishaje uongo ule? Aliniomba nisiseme. Alipokufa, Winifrida alilia msibani kwamba damu ya Mhabeshi imekuja kuchukua chake, nami nilikuwa na neno moja mdomoni la kumtuliza. Sikulisema. Watu walikuwa wamejaa, wanamsifu baba kwa ushujaa, na mimi nilikuwa mtoto wa shujaa. Tukagombana juu ya upanga badala yake. Nikachukua ala nikaondoka, na kila mwaka uliopita ulizidi kulifanya neno lile kuwa zito.

Ulipoandika, ningeweza kulitua. Nikaongeza Tesema juu yake.

Msomee yote. Usiruke mahali.

Stanislaus


Kabanga
21 Februari 2025

Babu yangu,

Shikamoo, na pole kwa mzigo. Mkono wa Bibi umeanza kupona, asali imesaidia.

Nilimsomea jana saa tisa, tumekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Sauti yangu mwanzoni haikutoka, unanijua. Bibi akasema, "Soma kama unavyoandika." Nikasoma, sikuruka mahali.

Nilipomaliza, kivuli cha mgomba kilikuwa kimetuacha. Bibi akasema, "Niletee." Nikamwekea upanga mapajani. Kwa kuwa haoni, alipitisha kidole gumba kwenye kali la nje, kutoka mpini hadi ncha, polepole, kama anayepapasa uso wa mtu aliyelala. Akarudi tena. Akalipapasa doa, akalinusa, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mama. Mama na migomba yake." Akaanza kucheka. Alicheka mpaka kilemba kikaanguka, jirani akachungulia uani, na kicheko kikageuka taratibu, bila mimi kuona kilipogeukia, akawa analia.

"Miezi mitatu," alisema. "Miezi mitatu mtoto wa watu analala na baridi, kwa ajili ya hiki." Babu, hakulia kwa sababu ya uongo. Alilia kwa sababu ya blanketi.

Jioni alimwaga maji ya kizingitini kwa kuku. Asubuhi leo nimeamka, kitandani hayupo. Nimemkuta migombani na upanga, anapapasa shina kwa mkono mmoja. Kabla sijafika amekata mkungu, umemwangukia begani, na utomvu umemlowesha kuanzia shingoni. Akasema, "Kweli unafika juu."

Nilimuuliza padre kuhusu ile misa. Alisema katika vita ile akina Tesema walikufa wengi, na hakuna sala inayokosa mwenyewe. Nilishukuru, maana mimi nimebaki nikimkumbuka kidogo, na lile shuka lake jeupe.

Sasa nakuandikia maneno ya Bibi kama alivyoyatamka. Alisema kwa Kiha, mimi nayaweka kwa Kiswahili:

"Mwambie musaza wanje, huyo ndugu yangu, miaka arobaini na minne ameniacha nalala na maiti ambayo haikuwepo. Simsamehe kwa barua. Jumanne naenda kupasuliwa, si kwa sababu nimepona woga, bali kwa sababu nataka nimwone alivyozeeka. Nikimwona ndipo nitajua kama ameshaadhibiwa vya kutosha au bado. Na mwambie chumvi nilikuwa natia, yeye ndiye alikuwa na ulimi wa mti."

Nilimuuliza nimalizie vipi. Akasema, "Andika dada yake."

Dada yako, Winifrida
kwa mkono wa mjukuu wako, Niyo


Kibondo
23 Februari 2025

Mjukuu wangu Niyo,

Naandika kwa mazoea tu. Tamimu nimemwambia kwamba kesho hatabeba barua, atabeba mwandishi, na hii utaipata mkononi mwangu. Mama Mwajabu amenifulia kanzu ya kuazima ya mumewe, anasema siwezi kwenda ukweni nimechakaa. Bado anaamini nimeoa.

Nisubiri stendi ya Kasulu mchana. Usiniite, sitasikia. Usihangaike kutafuta la kusema, kwangu maneno yote ni sawa. Simama tu, na mimi nitakutambua kwa sketi yenye doa, ukiivaa.

Nawe utanitambua. Kwapani nina ala nyekundu iliyopinda. Begani nina blanketi jipya, la sufu, maana nasikia wodi ya macho ina baridi.

Babu yako,
Stanislaus